Jina Lililo Kwenye Kadi

Kama uko kijiweni na pikipiki umeiegesha kando, sogea karibu na redio. Kama uko nyumbani na humo ndani kuna kijana anayehesabu akiba yake kila mwisho wa wiki, akisema anatafuta chombo, mwite naye akae. Mazungumzo ya leo ni yake.

Nazungumzia pikipiki ya mkononi. Siyo ile inayotoka dukani na nailoni bado iko kwenye siti, bali ile inayotoka kwa mtu: ametaka ada ya mtoto, amehamishiwa kazi mbali, amechoka na barabara, au amepanda daraja kanunua bajaji. Pikipiki mpya ya kawaida, iwe Boxer au TVS, siku hizi bei yake inazunguka kwenye milioni 3. Wengi wetu fedha hiyo hatuna kwa mkupuo. Kwa hiyo tunanunua mkononi, na hakuna aibu yoyote. Mimi nimenunua hivyo mara mbili. Ya kwanza ndiyo nitakayokusimulia.

Ilikuwa mwaka 2016, hapa hapa Morogoro. Nilipata Boxer ya 150, nyekundu, mwenyewe akitaka 1,500,000, tukashushana mpaka 1,300,000. Kabla ya kutoa fedha nikakumbuka alichokuwa akisema marehemu baba, kwamba chombo hakinunuliwi na mtu mmoja. Nikamchukua fundi wa Kihonda, mtu mzima, mpole, asiye na maneno mengi. Saa moja asubuhi tulikuwa tumeshapiga hodi.

Fundi hakuuliza bei wala hakuomba funguo. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuweka kiganja kwenye injini. Ilikuwa ya baridi, naye akaitikia kwa kichwa. Baadaye njiani nikamwuliza sababu. Akaniambia injini iliyochoka husumbua kuwaka ikiwa baridi, basi mwuzaji mjanja huitangulia: anaiwasha kabla hujafika, inapata moto, wewe ukija unapiga kiki mara moja inaitika, unafurahi. Ukiikuta ya moto, aga kwa heshima, na siku nyingine uje bila kutaja saa.

Kisha akashuka na kiki kwa mkono, taratibu, bila kuwasha, akipima ugumu wake. Kiki inayozama tu kama mguu kwenye tope maana yake mgandamizo umekwisha. Ringi, pistoni au valvu, kimojawapo kimeliwa. Yetu ilikataa kushuka kwa urahisi. Ndipo akaiwasha, na badala ya kusikiliza injini akaenda kusimama nyuma kwenye eksozi. Moshi mwembamba mweupe asubuhi ya baridi, ukitoweka baada ya muda mfupi, huo ni unyevu tu. Moshi mweusi ni petroli inazidi, kabureta irekebishwe, na gharama yake si ya kukutoa jasho. Wa kuogopa ni wa bluu. Huo ni oili inaungua ndani, na safari yake inaishia kwenye kufumua injini.

Akaizima, akafungua kifuniko cha oili, akachovya kidole na kuisugua oili kati ya vidole viwili, akaigeuza juani. Alikuwa anatafuta chembe zinazong'aa, yaani chuma kilichokwanguliwa na chuma kingine. Alikuwa pia anapima uzito wake. Wapo watu, Mungu awasamehe, wanaomimina oili nzito mno ili injini iliyolegea inyamaze siku mbili tatu, mpaka fedha zibadilishe mfuko.

Akahamia kwenye mwili wa chombo. Alipiga goti akachungulia chini ya siti na shingoni penye usukani, akitafuta mshono wa kuchomelea au rangi mpya iliyopakwa sehemu moja tu. Tukainua gurudumu la mbele, akazungusha usukani polepole. Ukikwama katikati kana kwamba umetumbukia kijishimo, beringi za shingo zimeliwa. Akashika gurudumu la nyuma akalisukuma kushoto na kulia, kuona kama bushi zinacheza. Akagonga spoku moja moja kwa spana, maana iliyokaza hutoa mlio na iliyolegea hutoa sauti butu. Akatazama sproketi. Meno yake yalikuwa yamechongoka na kulala upande mmoja kama mapezi ya papa, akasema hapa patabadilishwa cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja, kwa sababu ukifunga cheni mpya kwenye meno ya zamani umeitupa hiyo cheni.

Dashibodi ilisoma kilomita elfu 18 na kitu. Fundi hakuitupia jicho. Aliinama kutazama mpira wa kukanyagia na kanyagio la breki. Hesabu yake ni nyepesi: bodaboda anayekimbia kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, anamaliza kilomita 30,000 kila mwaka. Miaka mitatu ni 90,000, na zile saa zenye tarakimu 5 zinakaribia kurudi sifuri zianze upya. Tena waya wa kilomita huchomolewa kwa dakika moja. Lakini mpira unaokanyagwa asubuhi mpaka usiku hauchomolewi. Ukiukuta umelainika kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni, huku dashibodi inakuambia elfu 18, wewe amini mpira.

Nisimame hapo kidogo, kwa sababu kuna neno moja nalisikia sana na silikubali. Watu husema usinunue kamwe pikipiki iliyofanya bodaboda. Mimi nasema inategemea iliishije. Bodaboda anayejiheshimu anamwaga oili kwa ratiba, anakaza cheni, anasikia mlio mpya siku hiyo hiyo ulipozaliwa, kwa sababu chombo kikilala na familia inalala njaa. Mlinganishe na mtu aliyeiacha ya kwake miaka miwili chini ya mwembe: petroli imeganda kwenye kabureta, tanki limeota kutu kwa ndani, mipira imekauka na kupasuka. Hiyo inaonekana mpya, na ndiyo itakayokutesa. Uliza pikipiki iliishi wapi. Iliyopanda na kushuka milima ya Kinole na Matombo na mikungu ya ndizi mgongoni, angalia klachi na breki. Iliyoishi pwani, Bagamoyo au Tanga, tafuta kutu kwenye spoku na chini ya eksozi, maana upepo wa chumvi unakula chuma usiku na mchana. Na ukifungua tanki kuchungulia, tumia tochi. Nimeshaona mtu akiwasha kiberiti.

Basi, tulimaliza saa tano. Fundi akaniambia pembeni: injini nzima, haijafunguliwa, chukua. Kitu kimoja tu hakikunipendeza. Nyuma palikuwa na keria pana, nzito, iliyochomelewa kwa nondo, ya kubebea magunia. Nikasema moyoni, hii nitaikata wiki ijayo.

Sasa nisikilize vizuri. Saa nne nzima tulizitumia kwa chuma. Kadi ya pikipiki niliisoma kwa dakika mbili.

Niliona namba ya usajili inafanana na kibao, nikaridhika. Jina lililoandikwa halikuwa la mwuzaji. Nikauliza. Akajibu bila wasiwasi, "Huyo ndiye ilikotoka, ni watu tunaofahamiana. Siku ukitaka kubadilisha jina nipigie tu, bosi wangu." Hakuna aliyeona ajabu pale uani, hata mimi. Tukaandikishana kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili wakatia sahihi, nikahesabu fedha, nikapewa kadi na funguo. Nikaondoka nikiamini nimenunua pikipiki.

Hivyo ndivyo zinavyouzwa nyingi, nawe unajua. Kadi moja inapita mikono mitatu, minne, mitano, jina ni lile lile la mtu wa kwanza. Nenda kijiwe chochote pale Msamvu, utamkuta kijana anaendesha chombo ambacho kwa karatasi ni cha mtu wa Mbeya, na huyo mtu wa Mbeya hajui hata kama bado kinatembea. Sababu zake nazifahamu. Kuhamisha umiliki kuna ada, kuna ushuru wa stempu, kuna TIN, kuna siku nzima ya kazi inayopotea, na mwuzaji ana haraka, keshapata fedha zake. Nazifahamu zote, maana ndizo nilizojiambia mimi kwa miaka minne.

Miaka minne ilinitumikia bila kunung'unika. Mwaka 2020 nikahitaji fedha za chuo cha binti yangu, nikatangaza kuiuza. Akaja mnunuzi, dada mmoja muuguzi, anatafuta usafiri wa kwenda zahanati yao. Nikaanza kumsifia injini. Akaniambia, "Injini nitaiona, kaka. Naomba kwanza kadi." Akaisoma mbele na nyuma. Akauliza, "Huyu ni nani?" Nikamjibu kama nilivyojibiwa: ndiye ilikotoka, ni watu wanaofahamiana. Nilipoyasikia maneno hayo kinywani mwangu niliona haya. Yule dada akaiweka kadi mezani taratibu, akasema, "Basi nitasubiri mpaka iwe yako." Akaaga akaenda zake.

Nilimpigia aliyeniuzia. Namba haipo tena. Nikatafuta ile karatasi ya daftari, nikampata shahidi mmoja, naye akanielekeza kwamba chombo kilitoka upande wa Kilosa. Kwa kuuliza uliza nikafika kijiji kimoja nje ya Kimamba, kwenye mashamba ya mkonge, na mwenyekiti wa kitongoji akanipeleka mpaka kwenye nyumba yenyewe. Nikapiga hodi. Akatoka mama mmoja wa makamo, akaitikia salamu, lakini macho yake hayakuwa kwangu. Yalinipita, yakaenda kwenye pikipiki.

Akasema, "Keria ile alichomelea baba watoto."

Mumewe alifariki mwaka 2015. Keria ile aliitengeneza ili kubeba mahindi kutoka shambani, na siku za mvua, barabara ikikatika, ndiyo iliyompeleka mama huyo hospitali kujifungua mtoto wa mwisho, amekalia gunia lililokunjwa. Baada ya arobaini, shemeji yake alikuja kuichukua pikipiki, akisema anakwenda kuitunza. Baadaye mama akasikia imeuzwa. Hakuuliza. "Ningemwuliza nani?" aliniambia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonishinda. Nilikaa kwenye mkeka wake nikinywa maji yake, nikijua kwamba kwa miaka minne nilikuwa nimeendesha mali ya watoto wake.

Sheria juu ya hili ni nyoofu. Chini ya sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, mwuzaji hawezi kumpa mnunuzi haki kubwa kuliko aliyo nayo yeye. Mwenye kadi akifariki, mwenye mamlaka ya kuuza mali yake ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Siyo shemeji, siyo kaka mkubwa, wala mtoto aliyekuwa akiiendesha. Shemeji hakuwa na haki ya kuuza, kwa hiyo aliyenunua kwake hakupata kitu, aliyeniuzia mimi hakuwa na kitu, na mimi nilitoa 1,300,000 nikapokea chuma, funguo, na jina la marehemu. Mama yule angekwenda polisi wakati wowote, mtu ambaye angekutwa na mali ningekuwa mimi. Injini ile nzuri ambayo fundi wangu aliipenda isingenisaidia kwa lolote. Injini ikifa, laki kadhaa na fundi mzuri vinaifufua. Jina la kwenye kadi hakuna gereji inayolitengeneza.

Kwa hiyo kijana wangu, geuza utaratibu. Kabla ya kuweka kiganja kwenye injini, omba kadi. Kadi halisi, siyo nakala. Mwuzaji akikuletea nakala, mwulize halisi iko wapi, na usitosheke na jibu la "iko nyumbani." Mara nyingi kadi halisi iko kwa waliomkopesha, imewekwa dhamana, na deni hilo litakufuata wewe na chombo chako.

Chukua kitambaa chenye petroli kidogo, futa uchafu shingoni mwa fremu, usome namba ya chesisi kwa macho yako, herufi kwa herufi, ukiilinganisha na kadi. Ina tarakimu na herufi 17. Ikianza na L, chombo kimetengenezwa China. Ikianza na MD kimetoka India: MD2 ni Bajaj, MD6 ni TVS. Na kuna jambo ambalo wezi wengi hawalijui: namba ya chesisi ya mpangilio huu haitumii kamwe herufi I, wala O, wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Ukiona mojawapo imegongwa pale, kuna mtu amekaa na nyundo usiku. Ukiona pamesuguliwa, au tarakimu zimepanda na kushuka kama meno ya mtoto, usianze kushusha bei. Ondoka. Kisha soma namba ya injini. Kubadilisha injini si dhambi, watu hubadilisha iliyokufa wakafunga nyingine, na kwa hizi za Kichina ni rahisi, kwa kuwa nyingi zimefuata muundo mmoja, ule wa Honda CG125 ya mwaka 1976, na spea zinaingiliana. Lakini injini nyingine iwe na maelezo na risiti, na kadi ijue habari zake.

Halafu jina. Mtu aliyeandikwa kwenye kadi awe ndiye anayesimama mbele yako na kitambulisho chake cha NIDA mkononi. Kama siye, mtafute mwenyewe, hata akiwa Tunduma. Ukiambiwa amefariki, omba uteuzi wa msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Kama haupo, sema pole na uwashauri waende wakafungue mirathi. Na mimi siku hizi nina desturi yangu: mwuzaji akiwa na mke au mume, naomba nimsalimie. Namwuliza kama anajua kuwa chombo kinauzwa leo. Mara moja mama mmoja aliniambia hajui. Tukaishia kunywa chai, biashara ikaisha.

Yapo pia mambo ya mkataba, na hapa pana machozi mengi. Kijana anapewa pikipiki na tajiri, analeta hesabu kila siku, tuseme 10,000, kwa mwaka mzima au zaidi, na mwisho chombo kinakuwa chake. Mwaka mmoja kwa hesabu hiyo ni 3,650,000. Ni fedha nyingi kuliko bei ya dukani, na ameilipa kwa jua na mvua. Sasa mwezi wa kumi mama yake anaugua, kijana anabanwa, anakutafuta wewe akuuzie kwa bei ya kutupa. Moyoni mwake ni chake, na nani atamlaumu? Lakini mpaka hesabu ya mwisho ilipwe na tajiri atie sahihi, kwa karatasi si chake. Ukitaka kuinunua, mketi watatu, wewe, kijana na tajiri, kilichobaki kilipwe hapo hapo, na kijana apate haki ya miezi yake kumi. Usimnunulie kichochoroni. Utakuwa umewaibia wawili kwa mara moja.

Kabla ya kutoa fedha, angalia faini. Siku hizi huandikwa kwa namba ya chombo kwenye mfumo wa Polisi, na kuziangalia unaweza kwa simu yako. Katika bajeti ya 2021/22 faini ya kosa la pikipiki ilishushwa kutoka 30,000 mpaka 10,000, nasi tulishukuru, lakini kumi zikijikusanya bila kulipwa ni laki moja, na askari atakayekusimamisha Msamvu hatauliza nani alikuwa anaendesha mwezi wa tatu.

Na uhamisho wa umiliki ufanyeni pamoja, wewe na mwuzaji, kabla hajapotelea mjini. Mkataba wa mauziano kwa wakili, nakala za vitambulisho, TIN ya kila mmoja, kadi halisi, TRA. Mwombe mwuzaji mkubaliane sehemu ya fedha ibaki, tuseme laki mbili, atakayoipokea siku jina litakapobadilika. Mwenye nia njema hatakasirika. Wewe unayeuza nawe usifurahi kwamba hii haikuhusu. Pikipiki uliyoiuza bila kuhamisha ikimgonga mtoto, au ikitumika kupora mkoba wa mtu usiku, jina la kwanza ambalo polisi watalisoma ni lako, nawe uko shambani Mvomero unapalilia.

Kuhusu kuishi nayo nisirefushe. Leseni ya udereva ya daraja la pikipiki, bima angalau ile ndogo, na kama utabeba abiria kwa malipo, kibali cha LATRA, kwa sababu tangu kanuni za mwaka 2010 biashara hiyo inatambuliwa rasmi. Siku ya kwanza mwaga oili yote uweke mpya, hata kama umeapiwa kuwa ilimwagwa jana. Cheni usiipake oili chafu iliyotoka kwenye injini, ingawa kila mtu anafanya hivyo. Ile oili imejaa vumbi la chuma, unaisugua cheni yako kwa msasa. Soma tarehe ya tairi ubavuni, tarakimu 4: mbili za kwanza wiki, mbili za mwisho mwaka. Ikiandikwa 2319, ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, na raba ya umri huo haishiki lami yenye maji hata kama kashata zake zinaonekana. Na ile kofia ngumu unayopewa kama nyongeza, ipokee kwa shukrani, uiweke kando, ukanunue nyingine mpya. Kofia iliyokwisha kuanguka na kichwa ndani haionyeshi ufa wake kwa nje. Nunua mbili. Mkeo au abiria wako ana kichwa pia.

Nirudi Kimamba. Tuliamua na yule mama kwamba jambo litengenezwe. Kikao cha ukoo kiliitishwa, shemeji akaja, akakaa mwisho wa benchi akitazama chini, na hakuna aliyempigia kelele, mama alikataza. Muhtasari ukaandikwa, cheti cha kifo kikatafutwa, wakafungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, mama akateuliwa msimamizi. Ilichukua miezi. Mbele ya mwenyekiti wa kijiji tukakubaliana nimlipe 600,000 kwa mafungu matatu, ya watoto. Wapo jamaa zangu walioniambia nimelipa pikipiki mara mbili. Mimi naona nililipa mara moja. Ile ya kwanza nilimpa mtu fedha tu.

Fungu la mwisho nililimaliza, tukapangana siku ya kwenda TRA Morogoro. Mama alikuja na basi la asubuhi, amevaa vizuri, kitenge na khanga juu, na bahasha ya karatasi za mahakama ameikumbatia. Tukajaza fomu, akatia sahihi yake polepole. Tulipoambiwa tukabidhi kadi ya zamani, akanishika mkono.

"Kaka," akasema, "kabla hujawapa, inawezekana nikapata nakala?"

Tukatoka nje, tukavuka barabara mpaka kwenye steshenari. Shilingi 200. Karatasi ikatoka bado ina joto la mashine, jina la mumewe katikati, kwa herufi kubwa. Akaisoma. Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga, akakaza fundo kwa meno. Kisha tukavuka barabara kurudi ofisini.